Kitanda Kisicholaliwa

"Shoga, mtoto akikupeleka hotelini, anakukaribisha au anakuahirisha?"

Jirani yangu mshona nguo aliniuliza hivyo nikiwa nafunga begi. Wala hakuinua macho kwenye cherehani. Ulimi wa mama huyo ni mkasi, hukata hata pale ambapo hajapima.

Nikamjibu, "Mwanangu ananitafutia mahali pa kupumzika wakati chumba changu kinatengenezwa."

"Kinatengenezwa," akasema. "Sawa. Hata jeneza hutengenezwa."

Nikacheka. Siku hiyo nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hucheka hata akisemwa yeye.

Kwa ambaye hakusoma za nyuma, nitasema kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kuzirudia. Mume wangu alipofariki, mdogo wake alikuja msibani na kitambaa cha machozi, akaondoka na nyumba. Kikao cha ukoo kilisema nyumba ni ya ukoo, na mimi si ukoo, nilikuwa mke tu. Tena shemeji akaongeza chumvi kwamba natoka toka, kwamba nina mtu, hata udongo wa kaburi haujakauka. Nikaenda kupanga chumba kimoja chenye paa linalovuja. Mwenye chumba akanitoa, anataka kufungua duka.

Mara iliyopita niliwaachia pale nimekaa juu ya mizigo yangu barazani, simu ikalia. Alikuwa mwanangu wa pekee, mkaguzi wa mizigo kwenye ghala kubwa.

"Mama, sasa basi," alisema. "Njoo ukae kwangu."

Sikutaka kingine duniani. Nilitaka kuingia nyumba ya mwanangu, nimpakate mjukuu wangu ambaye nilikuwa nikimwona kwenye picha tu, na siku zangu ziishe nikiitwa bibi, si mpangaji.

"Ila kwanza utakaa hoteli kidogo," akaongeza. "Mke wangu hajamaliza kutengeneza chumba."

Mkwe wangu ni muuguzi. Tangu aolewe hakuwahi kunipigia simu hata ya salamu. Nilikuwa nimemwekea kinyongo, na kinyongo kwa mtu anayesali ni kokoto ndani ya kiatu, unakwenda nacho mpaka mahali pa sala. Kwa hiyo niliposikia chumba hakijaisha, nilijua wa kumlaumu ni nani.

Nikapelekwa hotelini.

Ninyi ambao hamjawahi kulala hoteli ya aina hiyo, msitarajie jumba la mfalme, wala msiogope kunguni. Ni hoteli ya katikati. Wenye fedha huipita wakaenda mbele, wasio nazo huipita wakarudi nyuma. Mapokezi kuna maua ya plastiki, lakini yamefutwa vumbi. Lifti ina kioo kizuri, nayo hufikiri kidogo kabla ya kupanda.

Hupewi ufunguo, unapewa kadi. Kadi hiyo ndiyo mlango, na ndiyo taa pia. Unaichomeka ukutani, nyumba nzima inaamka. Ukiichomoa, nyumba inazimia. Siku niliyofika niliishika mkononi kwa kuogopa isipotee, nikaoga gizani, nikaona haya kuwauliza.

Na kweli ni nyumba, si chumba. Unaingia sebuleni kwanza, kuna kochi ambalo ukilivuta linageuka kitanda. Pembeni jiko la mtu mmoja, birika la umeme, sahani mbili, vikombe viwili, kisu kisichokata hata mkate, na friji inayokoroma kuliko marehemu mume wangu. Halafu mlango mwingine, ndipo unapolala. Kitanda chenyewe ukoo mzima ungelala bila kugusana. Mito minne kwa kichwa kimoja.

Bafuni sabuni ni ndogo kama jino. Kuna mashine ya kukaushia nywele, imefungwa ukutani kwa waya kama mbuzi anayeogopewa kuibwa. Asubuhi unashuka kunywa chai, mayai na mkate na matunda yaliyokatwa vipande, na hakuna anayekuuliza umerudi mara ya ngapi.

Yote hayo mtayazoea. Mimi nilichoshindwa kuzoea ni kukaa bure.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe siku ya kwanza.

Mama yangu alinilea na neno moja: mtu haongei na Mungu huku kitanda chake kimevurugika nyuma yake. Basi mimi nikiamka, kabla ya sala natandika. Nikimaliza kusali naoga, nalifuta bafu lote na sinki mpaka likauke. Taulo naikamua, naitundika dirishani kwenye upepo, na ikikauka naikunja kama ilivyokuwa. Kikombe nilichonywea maji nakiosha na kukifunika. Taka zangu kidogo natia kwenye mfuko, nazishusha mpaka pipa kubwa nyuma ya jengo, kisha nazunguka kwa mbele nipate hewa, naingia kwa lango kuu.

Nguo zilibaki kwenye begi, na begi ndani ya kabati. Kutoa nguo kwenye begi ni kusema umefika, nami nilikuwa sijafika.

Nikishakunywa chai sikurudi juu. Nilikwenda bustani ya nyuma, kwenye benchi, na kitabu changu cha sala, mpaka mchana. Nilijua saa hizo kuna mwanamke anapita vyumbani kusafisha, na sikuweza kukaa kochini nikimtazama mwenzangu akipiga magoti bafuni kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nimefua nguo za watu. Najua unavyoonekana mgongo wa anayetazamwa.

Niliona hiyo ni adabu. Kumbe hotelini adabu ina sura nyingine.

Jioni mwanangu alinipigia simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, baba. Chumba je?"

"Bado kidogo. Rangi."

Kesho yake ilikuwa fundi. Baada ya fundi ikawa pazia. Baada ya pazia ikawa kitasa. Nikaanza kuona chumba hicho kina viungo vingi kuliko mwili wa binadamu.

"Basi nije nilale hivyo hivyo," nikamwambia. "Mimi nimelala chini ya paa linalovuja, nitashindwaje na kitasa?"

"Mke wangu hatakubali, Mama. Unamjua."

Simjui. Kokoto likasogea ndani ya kiatu.

Halafu mchana mmoja nikapanda kutoka bustanini, nikafungua mlango kwa kadi yangu, nikawakuta ndani, wamefunguliwa na watu wa mapokezi. Mwanangu amesimama dirishani. Mkwe wangu amekaa kwenye kochi, na sare zake za uuguzi, bila hata kuvua viatu vya kazi.

Moyo ukaruka. Nikasema, leo ndio leo, nimefuatwa.

"Shikamoo, Mama," akasema mkwe wangu.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu mmemwacha na nani?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema haumwi.

"Mama, unalala wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Kitandani. Nilale wapi tena, kwenye friji?"

Hakucheka.

"Mapokezi wamenipigia simu nikiwa kazini," akasema. "Simu ya mwanao haikupatikana, wakapiga yangu. Wanasema mgeni wetu hatumii chumba. Kitanda hakijaguswa tangu alipofika. Wanauliza kama wakifunge, wampe mtu mwingine."

"Na asubuhi," mwanangu akadakia, "wanakuona unaingia langoni ukitokea nje, hata jua halijatoka vizuri."

Nikakaa kwenye kiti cha meza.

Mjane haambiwi neno hilo mara mbili. Hata lisiposemwa lote, mkia wake anaujua. Ndilo neno lililonitoa kwenye nyumba yangu, leo limepanda lifti kunifuata.

"Huwa natupa taka," nikasema.

"Taka," mwanangu akarudia.

"Taka za humu. Nazipeleka pipani huko nyuma, kisha nazunguka kwa mbele."

"Mama, hii ni hoteli. Taka hutolewa na hoteli."

"Sikutaka kumsumbua mtu."

Akavuta pumzi, akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono. Sauti yake ikawa laini mno, sauti ya mtu anayeuza kitu.

"Mama, mimi si mtoto. Kama una mtu, sema. Hakuna atakayekupiga mawe. Baba mdogo aliyasema yale, mimi nikakutetea. Lakini sasa na watu baki wanasema. Sema tu, tupange mambo kwa ukweli."

Nikamtazama mabega. Mtu akisikia aibu ya mama yake, mabega hupanda kuelekea masikioni. Ya mwanangu yalikuwa yameshuka, kama ya mpagazi aliyetua gunia.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si kwa sababu amesikia uvumi. Kwa sababu umempumzisha.

"Labda ni heri," akamwambia mkewe, bado ameshika mikono yangu. "Mama anapenda uhuru wake. Tutampangia chumba mahali patulivu, mbali na kelele, aishi anavyotaka. Nyumbani tuna mtoto wa kike. Anakua, anaona, anaiga."

Anaiga. Mimi niigwe nini, kupiga magoti?

"Mwite anayesafisha," nikasema.

"Hakuna haja, Mama."

"Mwite."

Mkwe wangu ndiye aliyetoka. Akarudi na mwanamke wa makamo, ndoo mkononi, glavu za mpira mpaka viwikoni. Alisimama mlangoni bila kuingia, kama mtu aliyeitwa polisi kama shahidi na anahofu atabaki huko.

"Mimi sijamsema mtu vibaya," akaanza kabla hajaulizwa. "Nimesema nilichokuta."

"Ulikuta nini, dada?" mkwe wangu akauliza.

"Sikukuta kitu. Hilo ndilo nililosema. Shuka hazina mkunjo, sinki halina hata unywele, taulo kavu zimekunjwa, pipa tupu. Chumba hiki mimi hupiga hodi, naingia, natoka. Nilikuwa namwombea huyo mgeni asiyekuwepo akae mwaka mzima, magoti yangu yapone."

"Mgeni ndiye mimi," nikamwambia. "Nipo. Kitanda natandika mimi. Bafu nafuta mimi."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia huwa nakula ile sabuni.

"Bibi, wageni hawatandiki. Watu wanalipa ili wasitandike. Wengine huvuruga na kile cha sebuleni ambacho hawakukilalia, roho zao ziridhike."

"Ndiyo ukubwa huo. Mimi sikuuzoea."

"Sasa mimi nimeshasema chumba hakina mtu. Nikirudi chini nitasema nini?"

"Sema mgeni ni mshamba. Hilo halina dhambi."

Akatabasamu kidogo, akanionea huruma, au alijionea yeye mwenyewe. Akaomba ruhusa, akaenda na ndoo yake.

Mwanangu akasimama, akapangusa magoti ya suruali. Akacheka kwa puani.

"Mama, tafadhali. Mtu gani duniani anatandika kitanda cha hoteli?"

"Unaniuliza wewe?"

"Nakuuliza."

Nikamtazama vizuri nione kama anatania. Huyu ni yule niliyemfundisha kutandika akiwa hajui hata kufunga vifungo vya shati. Yule ambaye hakuonja chai kwangu mpaka shuka inyooke. Aliyewahi kurudi kutoka njiani, anakwenda shule, analia, kwa sababu amekumbuka hakukunja blanketi. Baba yake alikuwa akinilaumu, akisema mtoto wa kiume simlei, namwekea adhabu. Naye akimjibu baba yake, "Mungu anatazama, Baba."

Mkwe wangu akamgeukia. "Ni kweli? Mama yako ni mtu wa hivyo?"

Friji ikakoroma, ikanyamaza.

"Sikumbuki," akasema. "Ni zamani sana."

Wasomaji wangu, nimefiwa, nimenyang'anywa, nimelowa mvua nikiwa ndani. Sijawahi kubebeshwa neno jepesi likawa zito vile. Shemeji yangu alinikana mbele ya ukoo kwa maneno mengi na ushahidi wa kutunga. Mwanangu alinikana kwa neno moja, na hata hakutokwa na jasho.

Nilitaka kujibu. Nikamwomba Mungu anipe neno, nikapewa kunyamaza.

Mkwe wangu akainuka, akaingia chumba cha kulala. Nikasema moyoni, haya, anakwenda kutafuta viatu vya mwanamume chini ya kitanda. Nikamsikia akifungua kabati, akaona begi. Nikamsikia akilifunga. Kisha sikumsikia tena.

"Unatafuta nini huko?" mwanangu akamwita. "Twende zetu, utachelewa kurudi kazini."

"Njoo," akasema. "Njooni wote wawili."

Tulimkuta amesimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma.

"Mama, mito hii nani kaipanga?"

"Mimi."

"Kwa nini midomo yote ya foronya imetazama ukuta?"

Nikaona haya. Ni jambo dogo, na likisemwa mbele ya msomi linazidi kuwa dogo.

"Marehemu mama yangu alikuwa akisema mdomo wa mto ukitazama mlango, usingizi hutoka ukaenda zake. Sijui kama ni kweli. Tumezoea tu kwetu. Sijaona wengine wakifanya."

Alimgeukia mumewe polepole.

"Kila asubuhi kitandani kwangu mito hulala hivi," akasema. "Nikisahau nikaigeuza, unarudi kutoka mlangoni na viatu miguuni kuigeuza upya. Mwaka tuliooana nilikuuliza. Ukasema umejifunza bwenini."

"Watu wengi hutandika hivyo."

"Watu gani?"

"Watu. Mimi nitawajuaje wote?"

"Mimi kazi yangu ni vitanda, baba mtoto. Usinifanye mjinga kwenye vitanda."

Akaketi kwenye ukingo wa kile kitanda, shuka ikapata mkunjo. Mkono wangu uliwasha kuinyoosha, nikauzuia.

"Mama," akasema, sasa ananitazama mimi, na uso wake haukuwa tena wa kazini. "Naomba nikuulize, usinikasirikie. Kwa nini ulikataa kuja kwangu?"

"Nilikataa lini?"

"Aliniambia hutaki. Kwamba umesema nyumba yangu haina sala, afadhali ulale hoteli. Nikasema sawa, ni mama mkwe, ni haki yake kunichukia."

Masikio yakaanza kunipiga mluzi.

"Mimi niliambiwa chumba hakijaisha," nikasema.

"Chumba gani?"

"Changu. Kwamba kinangoja rangi, kinangoja pazia. Juzi kilikuwa kinangoja kitasa."

"Mama, chumba kile kiko tayari tangu mlipomaliza matanga. Nimekitandika mimi mwenyewe. Mjukuu wako ameweka mwanasesere wake kwenye mto, haruhusu mtu kumwondoa. Anasema anamshikia bibi nafasi."

Nikamgeukia mwanangu.

"Basi, jamani, mnakuza mambo," mwanangu akasema. "Kulikuwa na kutoelewana. Kila mtu alisikia lake."

Mkwe wangu hata hakugeuka.

"Na siku ya maziko, Mama. Nilikuja. Nilikuwa nje, kwenye gari, kutwa nzima. Akaniambia nisishuke, umeapa ukiniona utazimia."

"Aliniambia wewe ndiye uliyekataa kushuka. Kwamba huwezi kukanyaga nyumba yetu, ina harufu ya wagonjwa."

"Mimi muuguzi, niogope harufu ya wagonjwa?"

Tulitazamana, wanawake wawili waliochukiana miaka yote kwa barua za mpelekaji mmoja. Kama si msiba wangu, ningecheka. Yeye alicheka, lakini kilichomtoka kilikuwa kilio.

Nikamwomba Mungu anisamehe kinyongo nilichomlimbikizia mtoto wa watu. Nikakaa karibu naye pale ukingoni. Sikuwa na nguvu ya kumkumbatia, nikamwekea mkono gotini tu, na yeye akauwekea wake juu.

Mwanangu alikuwa amebaki amesimama peke yake kati ya kabati na mlango.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa nawakinga. Wewe hujui. Na wewe pia hujui. Kuna mambo mkikaa pamoja mtaumizana bure."

"Mambo gani?" mkewe akauliza.

"Mambo ya kifamilia."

"Mimi ni nani, na huyu ni nani?"

Akatoa simu mfukoni, akaitazama, na haikuwa imelia.

Mimi nilimzaa. Ninajua aliyedanganya jambo dogo hahitaji kujenga ukuta kati ya watu wawili. Ukiwazuia watu wawili wasiketi pamoja, si kwamba kila mmoja ana siri. Ni kwamba kila mmoja ana nusu ya siri yako.

Nikamwita jina la heshima, kama ninavyomwita tangu aanze kutembea.

"Baba," nikasema. "Sitakupigia kelele. Sina kelele iliyobaki. Niambie kitu kimoja tu. Mkeo anajua nini ambacho mimi nikikisikia umekwisha?"

Akarudisha simu mfukoni.

Mkwe wangu alikuwa ametoa mkono wake juu ya wangu. Alikuwa amenyooka wima, uso umekauka ghafla, kama mtu aliyekumbuka jiko aliloliacha linawaka. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akamtazama tena mumewe.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Ile nyumba. Mama, wewe ulikuwa unadhani ni nani aliyemwambia Baba mdogo kwamba una mtu..."

"Nyamaza," mwanangu akasema.

Alilisema kwa upole. Sikuwahi kumsikia akisema neno kwa upole ule, na sikuwahi kumwogopa mwanangu mpaka saa hiyo.

Mkewe hakunyamaza. "Mwambie wewe, basi. Ni mama yako. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi sasa hivi, hapa hapa, na wewe ukiwa umesimama."

Alitutazama tukiwa tumekaa pamoja kwenye kile kitanda. Akatazama dirisha. Nikamwona tena mtoto wangu, yule wa blanketi, nikanyoosha mkono nimshike.

Hakuuona, au aliuona.

Akageuka, akapita sebuleni, akafungua mlango, akatoka bila neno jingine. Tulimsikia akibonyeza lifti. Haikuja upesi, kama kawaida yake, na hakuisubiri. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi mbio.